Mwanangu Ananiita Mama Simu

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa tisa usiku kwa sababu usingizi umenikimbia tena, na nikiendelea kukaa hivi hivi nitaanza kupanga upya kabati la nguo.

Mimi ni mwanajeshi, cheo changu sajini, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Mume wangu ni raia. Tuna watoto wawili, binti wa miaka 10 na mvulana wa miaka mitatu na miezi miwili. Wiki saba zilizopita nilirudi kutoka misheni ya ulinzi wa amani iliyochukua miezi 12. Kabla ya kuondoka tulikaa kambini miezi mitatu ya maandalizi, nikawa nakuja nyumbani Jumapili, na si kila Jumapili.

Nilipokuwa kule watoto walibaki na baba yao, na mdogo wangu wa kike akaja kukaa nao. Wanamwita mama mdogo, ila yule wa kiume ulimi wake ulikuwa haujakomaa, akalikata neno la pili. Akawa "mama" tu. Mimi nikawa mama wa kwenye simu, na hilo nalo baadaye akalifupisha. Mama Simu.

Siku niliyorudi alijificha nyuma ya miguu ya baba yake. Hilo nilishaandaliwa, wakongwe walituambia. Ambalo hakuna aliyeniambia lilitokea siku ya pili jioni. Ilikuwa saa ile niliyozoea kupiga. Nimekaa kwenye kochi, yeye yuko chini na vigari vyake. Akainuka, akaenda mezani, akachukua simu ya baba yake, akaileta hadi kwangu na kuniwekea mkononi, mimi niliyekaa pale. Akasema, "Piga Mama Simu." Shangazi, nimewahi kulala chini ya meza risasi zikilia nje na mikono yangu haikutetemeka. Siku hiyo ilitetemeka. Nikamwambia Mama Simu ni mimi. Akaniangalia, akaiangalia simu, akainyakua akampelekea mama mdogo.

Siku ya nne nilishusha vyombo vyote vya kabati la jikoni nikavipanga upya. Kwangu ilikuwa namna ya kusema nimerudi. Mume wangu akaingia, akaosha kikombe chake, akasimama nacho mkononi kinachuruzika maji, hajui akiweke wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hakusema kitu. Asubuhi nikakuta vyombo vyote vimerudi vilikokuwa. Alivirudisha usiku akijua nimelala.

Tangu hapo ni hivyo hivyo. Nikisema watoto wakalale, binti anamtazama baba yake kwanza. Nikitoa ruhusa, wanakwenda kuithibitisha kwake. Nikikaripia, mdogo wangu anainuka na kutoka nje. Mwenyewe najua sauti yangu imekuwa ya kambini. Wiki iliyopita upepo ulibamiza mlango, nikapiga ukelele, mtoto akalia nusu saa. Kulala nalala kochini, maana nikiwa kochini naona mlango.

Binti hana shida. Anafanya vizuri darasani, anasaidia kazi, na kila asubuhi anaanza kwa kwenda kuangalia buti zangu mlangoni kama zimekaa sawa.

Sasa limeingia la kozi. Jina langu limetoka kwenye orodha ya kozi ya kupanda cheo, miezi tisa, kambi ya mbali, inaanza baada ya miezi minne. Natakiwa kuthibitisha ndani ya wiki tatu. Nimeisubiri miaka minne. Nilipomwambia mume wangu alikuwa anakunja nguo za watoto. Hakuacha kukunja. Akasema, "Chagua." Nikamuuliza nichague kati ya nini na nini. Akasema, "Wewe mwenyewe unajua," akaendelea na soksi.

Mshahara wangu ndio unaolipa mkopo wa nyumba tunayokaa. Na kazi hii naipenda, sitakudanganya. Lakini barua ya kuacha kazi nimeshaiandika na kuifuta mara tatu. Wenzangu wa kiume niliorudi nao ndege moja wameshathibitisha kozi, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa achague. Niache jeshi niwe mama, au niende nikijua nikirudi sitakuwa hata huyo Mama Simu?

Sajini asiyelala

*

Marahaba mwanangu.

Barua ya kuacha kazi iweke kwanza. Sikukatazi kuiandika. Nakukataza kuiandika saa tisa usiku, wiki ya saba tangu urudi, ukiwa hujapata usingizi wa maana hata siku moja. Hata kikosini mwenu sidhani kama mtu wa hali hiyo angepewa gari aliendeshe.

Mimi nimezaliwa kambini, baba yangu alikuwa mwanajeshi, na kama vile sikuona vya kutosha nikaolewa na mwanajeshi mwingine. Kwa hiyo nitakayokuambia mengine nimeyasoma na mengine nimeyala kwa kijiko.

Wewe umepiga kwata miaka 11. Mmoja akianguka safuni, wenzake wanasogea, pengo linazibwa, safu inaendelea. Mwaka 1949 mwanasosholojia wa Marekani, Reuben Hill, alichapisha utafiti wa familia 135 za jimbo la Iowa ambazo baba alikwenda Vita vya Pili vya Dunia, na akazielezea kwa lugha hiyo hiyo ya gwaride. Familia zinafunga safu. Jambo alilolikuta ndilo lililonifanya niikumbuke kazi yake niliposoma barua yako: familia inayojipanga vizuri mmoja akiwa hayupo si lazima ndiyo itakayompokea vizuri akirudi. Waliofunga safu ikashikana kabisa walipata taabu kuifungua tena. Na hakuna aliyekuwa amekosea. Walifanya kilichotakiwa ili nyumba isianguke.

Sasa isome barua yako kwa jicho hilo. Mume anayekunja soksi za watoto bila kutazama. Mdogo wako aliyeacha mambo yake mwaka mzima akageuka mama. Binti anayejua ruhusa inatoka kwa nani. Nyumba yako haikuharibika ulipokuwa kule, ilifunga safu, na kwa ninavyoona iliifunga barabara. Ndiyo maana huoni pa kusimama.

Nikuulize swali la kazini kwako. Ukienda kupokea lindo unafanyaje? Unafika, unampiga kikumbo aliyepo, unakaa? Unakabidhiwa kwanza. Unaambiwa usiku ulikuwaje, nani kapita, taa ipi haiwaki, geti lipi linagoma. Ndipo yule anaondoka. Wewe umepokea lindo la miezi 12 bila kukabidhiwa chochote, na siku ya nne umeanza kuhamisha vyombo. Kile kikombe kilichomchuruzikia mumeo mkononi sidhani kama kilimuuma kwa sababu ya kabati. Ulimwambia, bila kutamka, kwamba alivyoishi mwaka mzima palikuwa na kasoro na mwenyewe amerudi kusahihisha.

Baba yangu alikuwa akirudi anapitisha kidole kwenye kingo za madirisha kutafuta vumbi. Hata hajavua buti. Sisi tulikuwa tunajificha bafuni, wanne, tumebanana, tunasikiliza hatua zake chumba kwa chumba. Nilikuja kumuuliza akiwa mzee kabisa kwa nini alikuwa akifanya vile. Akaniambia hakujua afanye nini kingine. Hakuna aliyekuwa akimhitaji kwa lolote, kila kitu kilikuwa kinakwenda, na kukagua ndiyo kazi aliyokuwa anaijua. Nimekusimulia hili kwa sababu kabati lako na kidole chake naona ni ndugu.

Mwaka 1987 Kathleen Vestal Logan, aliyewafahamu kwa karibu wake za wanamaji wa Marekani, aliandika kwamba safari ya mwanajeshi huipitisha familia kwenye hatua saba, kuanzia wiki za kabla ya kuondoka, ambapo wapendanao wanagombania vitu vidogo visivyo na kichwa wala miguu. Zote saba sizipitii hapa. Ninayoitaka ni ya sita, inayokuja baada ya kurudi. Aliiita kujadili upya mkataba wa ndoa. Huo mkataba hauna karatasi: nani anatoa ruhusa, nani anashika pesa ya matumizi, nani anaamka mtoto akipata homa. Wa zamani uliuacha ukiondoka, na mumeo akaandika mwingine peke yake kwa kuwa hakuwa na wa kujadiliana naye. Wewe umerudi unatekeleza ule wa zamani, yeye anatekeleza mpya, na mnashangaa vyombo vinahama usiku.

Kwa hiyo kaeni. Nyinyi wanajeshi operesheni ikiisha mnakaa mnapitia kilichotokea, kipi kilikwenda na kipi kiligoma. Fanya hivyo na mumeo, watoto wakishalala, ila kwa sharti moja gumu: yeye ndiye anayetoa taarifa na wewe usijibu. Jioni nzima. Muulize mwezi upi ulikuwa mbaya kuliko yote. Muulize ni lipi alilikuficha kwenye simu. Nakuhakikishia lipo, kama ambavyo na wewe hukumwambia habari ya kulala chini ya meza. Mwaka mzima mmekuwa mnaripotiana "huku shwari", kila mmoja akimlinda mwenzake, mpaka hakuna anayejua mwenzake alikuwa wapi. Zamu yako ya kusimulia itafika, jioni nyingine. Na hilo neno "chagua" mimi sijalisikia kama amri ya mume. Nimelisikia kama la mtu aliyesimama lindo miezi 15, akaona mpokea zamu anakuja kwa mbali, halafu akaambiwa kuna miezi tisa mingine.

Baada ya hapo omba kazi moja. Moja tu, na isiwe ya kutoa amri. Kuogesha watoto jioni, kwa mfano, au kumwandaa mdogo asubuhi. Iwe yako kila siku, saa ile ile, na mumeo akubali kutoingilia hata ukivalisha shati la ndani nje. Kanuni za nyumba acha zilivyo kwa sasa. Saa ya kulala ni ya baba yao mpaka mtakapokubaliana vinginevyo, na binti akimtazama baba yake kabla ya kutii, meza mate upite. Najua inauma kwa mtu aliyezoea kusema mara moja watu 30 wakasimama.

Tuje kwa Mama Simu.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina huruma wala haina uonevu. Mwanao ana miezi 38. Umekuwa mbali 15. Kwake hizo ni karibu sehemu mbili kati ya tano za maisha yote aliyowahi kuishi, tena zile anazoweza kuzikumbuka. Lakini umeielewa vibaya ile jioni ya simu. Umeisoma kama kwamba kakusahau. Mtoto aliyekusahau asingeinuka saa ile ile, bila kuambiwa na mtu, akaacha vigari vyake, akaifuata simu. Alikuwa anakutafuta. Umejenga naye kitu kwa miezi 12, jioni kwa jioni, ukiwa mbali kiasi hicho, na kitu hicho kimesimama. Shida yake ni ndogo kuliko unavyodhani: hajui kwamba yule wa ndani ya simu na huyu mwanamke mkali wa kwenye kochi ni mtu mmoja.

Basi muonyeshe. Kesho, saa ile ile, ingia chumbani ufunge mlango, upige simu ya mumeo. Akupokelee mtoto. Ongea naye yale yale mliyokuwa mnaongea ukiwa kule, kwa sauti ile ile, kama ulikuwa unamwimbia basi mwimbie. Kisha fungua mlango ukiwa bado unaongea, simu sikioni, uje taratibu mpaka ukae naye chini. Usimkumbatie asipotaka. Keshokutwa rudia. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kurudia, akisikia hadithi moja mara 20 anataka ya 21, kwa hiyo usihesabu siku. Na asikatazwe kukuita Mama Simu. Ni jina la upendo, alilitunga mwenyewe, siku moja litakuja kukuchekesha.

Mdogo wako asiondoke ghafla. Nimeona familia zikifanya kosa hili kwa nia njema kabisa: mama karudi, msaidizi anashukuriwa, anapandishwa gari kesho yake. Kwa mtoto hapo ameondoka mama wa pili. Kama ana mipango yake, na lazima anayo, apunguze kidogo kidogo, alale kwingine siku mbili, arudi, amuage mtoto akiwa macho. Na umpe shukrani zake wazi wazi, mbele ya watoto. Anapotoka nje ukikaripia, nafikiri anajizuia asikuingilie.

Sasa binti. Umeandika mistari mingi juu ya mdogo, juu ya vyombo, juu ya kozi, na juu ya binti sentensi mbili, ya kwanza ikiwa "hana shida". Mwanangu, ile ya pili ilinifanya niweke miwani chini. Mtoto wa miaka 10 haendi mlangoni kila asubuhi kuangalia kama buti zimekaa sawa. Anaangalia kama zipo. Zikiwepo, upo, anaweza kwenda shule. Huyu alikuwa na miaka tisa ulipoondoka, ana akili za kutosha kujua kwamba ulinzi wa amani unahitajika pale ambapo amani haipo, na kwa mwaka mzima hakumsumbua mtu. Nyumba ikitikisika, mtoto asiyesumbua kabisa namhofia kuliko anayelia, maana anayelia ameshasema. Kaa naye peke yake, mkiwa mnafanya kitu cha mikono, watoto wa umri huo huongea vizuri zaidi wasipotazamwa usoni. Mwambie umeiona safari yake ya mlangoni. Mwambie kuna kozi, bado hujajibu, na siku utakapojibu yeye atajua kabla ya jirani. Usimuulize uende au usiende. Huo ni mzigo wa watu wazima.

Juu ya kochi sitapaka rangi. Pauline Boss, msomi mwingine wa Marekani, alianza miaka ya 1970 kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, ambao mwili haukuonekana lakini nyumbani kiti chao kilikuwa bado chao. Baadaye akaonyesha kwamba upo na upotevu wa upande wa pili: mtu yupo, mwili wake umekaa pale, mwenyewe hayupo. Wewe mwili umerudi wiki saba zilizopita. Sehemu fulani yako bado iko lindoni, inatazama mlango. Wiki za kwanza hiyo ni kawaida, karibu kila anayerudi kutoka sehemu ya hatari hushtuka mlango ukilia na hulala jicho moja. Lakini madaktari wanapopima msongo wa baada ya kiwewe wanaangalia kama hali imevuka mwezi mmoja, na wewe umeshauvuka. Sisemi unao. Nasema wiki hii, si baada ya kozi, nenda kamwone daktari au mshauri wa kikosi, na kama unaogopa jalada lako litaandikwaje, muulize swali hilo kabla hujasema lolote jingine, au anza kwa daktari wa uraiani. Cheo ni kizuri. Mtoto aliyelia nusu saa ni wako.

Sasa ile kozi.

Mwanasosholojia Mady Segal aliandika mwaka 1986 kwamba jeshi na familia zote mbili ni taasisi zenye ulafi, neno aliloliazima kwa mwanasosholojia mwenzake, Lewis Coser. Kila moja inataka muda wako wote, utii wako wote, na kila moja inajiona ina haki. Zamani ulafi huo haukugongana sana kwa sababu mwanajeshi alikuwa mume, na nyumbani kulikuwa na mtu mwingine aliyeliwa mzima mzima na taasisi ya pili. Wenzako wa kiume hawajaulizwa wanachagua nini, umesema kweli. Barua za wanaume wanajeshi ninazozipata zinauliza wamwambieje mke kuhusu kozi. Haijawahi kuja inayouliza kama aende. Una haki ya kukasirikia hilo, ila usimkasirikie mumeo, kwani yeye ndiye yule mtu wa pili na anaikunja nguo bila makofi ya mtu.

Kabla hujajibu orodha, ulizia mambo haya kwa maandishi, maana majibu ya korido hayana saini. Je, nafasi inaweza kusogezwa hadi kozi inayofuata? Ikisogezwa, ukongwe wako kwenye cheo unaguswa au unabaki? Mkataba wako unakwisha lini, na umebakiza miaka mingapi kufikia haki ya pensheni? Jeshini mtu haachi kazi kwa barua ya mwezi mmoja kama dukani, na wengi wameandika barua kwa machozi ndipo wakagundua wamebakiza kidogo mno kuchuma walichopanda. Nenda kwa mkuu wako na ombi, usiende na kilio. Mwambie umetoka misheni ya miezi 12, unaitaka kozi, unaomba awamu inayofuata. Ombi la aina hiyo anajua pa kulipeleka.

Wakikubali, umepata muda wa kukaa safuni kabla ya kutoka tena, na mumeo amepata pumzi. Wakikataa, nitakuambia ambavyo ningefanya mimi, nawe una uhuru wa kunipuuza: ningeiacha kozi hii na ningebaki jeshini. Ukienda sasa, mwanao akifika miezi 51 utakuwa umekosekana 24. Kozi itarudi, pengine kwa kuchelewa, pengine mbele yako watapita wawili uliowafundisha kufunga mkanda. Utaumia, sitakudanganya kama ambavyo hukunidanganya. Lakini kuacha kazi unayoipenda, inayolipa paa mnalolala chini yake, kwa ajili ya hatia ya usiku, nina wasiwasi hiyo hatia itageuka lawama, na lawama itampata mumeo.

Na siku utakapokwenda, maana utakwenda, ondokeni mkiwa mmeshaandika. Hati ya kumpa mumeo mamlaka ya kushughulikia benki na mkopo. Ruhusa ya matibabu ya watoto na ya shule, ikiwa na jina la mdogo wako kama atakuwepo. Sauti yako ukisimulia hadithi, umeirekodi kabla, kwa zile jioni ambazo simu haitashika. Usimpe mtoto tarehe ya kurudi, tarehe za jeshi zinateleza na yeye hatajua ni jeshi, atajua ni wewe. Mpe kitu kinachoonekana: baada ya likizo ya pili, baada ya siku ya kuzaliwa ya dada. Kwenye simu usimuulize amekula nini na amelala saa ngapi, hayo ni mahojiano. Mchoreane, mhesabiane, mchezeshe kigari upande wa huku na yeye wa kule. Na mkubaliane na mumeo mapema kabisa, kabla ya begi kufungwa, kwamba ukirudi wiki mbili za kwanza huhamishi hata kijiko.

Buti zitoe mlangoni leo. Ziweke kabatini, binti akiwa anakuona, umwambie siku yoyote zitakapotoka humo kwa ajili ya safari, atakuwa wa kwanza kuambiwa. Za kwendea kazini kila siku tafuta nyingine. Niandikie baada ya wiki sita, unieleze anaanza asubuhi yake wapi.

Shangazi